Nyimbo zimegoma kuhamia kwenye simu? Tumia wimbo mmoja kujua zinakwama wapi

Nyimbo zikigoma kusinki karibu kila mtu anafanya kosa lile lile, na mimi nimelifanya sana tu: unafuta programu, unaisakinisha upya, unazima simu unawasha, unabadilisha setingi tano kwa mpigo, ikikubali hujui kilichosaidia ni kipi na ikikataa ndo umeshavuruga zaidi ya ulivyoanza. Hili neno kusinki linatuchanganya maana tunalisikia kama ni kitu kimoja kumbe ndani yake kuna safari nzima. Wimbo unapita mlangoni kwanza, yaani simu na kompyuta zionane na zikubaliane, halafu unakuwa njiani, ndo kule kukopiwa kwenyewe, halafu ukishafika unatakiwa uandikishwe na simu ili playa iuone. Unaweza kukwama mlangoni, unaweza kukwama njiani, unaweza kukwama ndani kabisa wakati umeshafika, na dawa ya mlangoni haisaidii kitu kwa wimbo uliokwama ndani hata uirudie mara mia.

Kwahiyo hapa tutatumia wimbo mmoja tu wa majaribio na kuufuata mpaka tuone umeishia wapi. Maelezo mengi ni ya Android na Windows maana ndo mchanganyiko wenye vituko vingi, ila iPhone, Mac na Linux nazo zipo humu.

Kabla hujagusa kitu: weka kopi

Chukua folda yako ya muziki ikopi nzima kwenye diski ya nje au flashi, uichomoe uiweke pembeni. Najua hatua hii watu wanairuka. Mimi niliiruka siku moja nilipotoa memori kadi kwenye simu nikaweka nyingine tupu ili nijaribu kama kadi ndo mbovu, sasa programu niliyokuwa natumia ilikuwa imewekwa isinki pande zote mbili, ikakuta folda ya simu haina kitu, ikajua nimefuta mwenyewe, ikaanza kunisaidia kufuta na kwenye kompyuta. Nilipokuja kushtuka nusu ya albamu zilikuwa zimeshaenda. Programu haikukosea, ilifanya nilichoiambia ifanye. Kwahiyo kopi kwanza, na kama programu yako inasinki pande mbili izime kabisa mpaka tumalize.

Hatua ya 1: wimbo wa majaribio

Chagua MP3 moja ya kawaida ambayo una uhakika inapiga vizuri kwenye kompyuta. Ikopi, hiyo kopi uipe jina jaribio.mp3, bila nafasi, bila alama, bila mkwaju (/). Sasa chomeka simu kwa waya na uipeleke kwa mkono, bila programu yoyote ya kusinki, kwenye folda ya Music ya simu. Kwa iPhone kukopi kwa mkono namna hii hakupo, kwahiyo kama unatumia iPhone soma kidogo hapa kuhusu waya halafu shuka mpaka kwenye sehemu yake.

Matokeo ni matatu. Simu haionekani kabisa kwenye kompyuta, tatizo ni la mlangoni, nenda hatua ya 2. Simu inaonekana ila kukopi kunakatika, kunaganda au kunatoa kosa, nenda hatua ya 3. Faili imefika, unaiona kabisa kwenye meneja wa faili wa simu ila playa inajifanya haijui, nenda hatua ya 4. Na kama jaribio.mp3 imefika na inapiga bila shida, basi waya ni mzima na simu ni nzima, ugomvi uko kwenye programu ya kusinki au kwenye nyimbo zenyewe, hapo ruka moja kwa moja hadi mwisho wa hatua ya 3 na kuendelea.

Hatua ya 2: mlangoni, simu na kompyuta hazionani

Anza na waya. Simu kuingiza chaji sio ushahidi kwamba waya ni mzima, na hapa ndo wengi wanapotea. Waya wa USB wa kawaida ndani una nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data, sasa kuna waya kibao zinazokuja na spika, tochi, pawabenki na vitu kama hivyo ambazo zina zile mbili za umeme tu, hizo zitachaji simu mpaka ijae na kompyuta haitajua kama kuna simu. Na hata waya uliokuwa mzima, nyaya za data zikikatika kwa ndani kwa sababu ya kukunjwakunjwa karibu na kichwa, chaji inaendelea kuingia kama kawaida. Tafuta waya mwingine ambao umeshaona kwa macho yako ukihamisha picha au faili, huo ndo wa kujaribia.

Ukishabadilisha waya bila mafanikio angalia tundu la simu. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, sio sindano wala pini, toa taratibu pamba na vumbi lililoshindiliwa ndani. Ukiona waya hauingii mpaka mwisho au unachezacheza ukiushika basi ni vumbi au tundu limechoka. Upande wa kompyuta, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta yenyewe na sio kwenye kigawanyio cha USB, na kama ni ya mezani tumia matundu ya nyuma, yale ya mbele yameungwa na waya mwingine wa ndani ambao mara nyingi ndo mchawi.

Sasa Android. Ukichomeka, simu kwa usalama wake inachagua kuchaji tu. Fungua loki ya skrini, hii ni lazima, maana simu ikiwa imefungwa kompyuta inaweza kuonyesha jina la simu lakini ukiingia ndani ni tupu. Shusha pazia la taarifa toka juu, gusa ile taarifa ya USB, chagua Uhamishaji wa faili, au File transfer kama simu yako iko kwa Kiingereza. Ukichoka kuchagua kila siku kuna njia ya kuifanya ibaki hapo hapo: ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, tafuta namba ya muundo, iguse mara 7 mpaka ikuambie umekuwa msanidi programu, halafu kwenye menyu mpya iliyofunguka tafuta mipangilio chaguomsingi ya USB uweke uhamishaji wa faili. Vingine vilivyomo mle achana navyo kama huvijui.

Kama waya ni mzima na umechagua vizuri na Windows bado inakaa kimya, fungua Device Manager, ni ile orodha ya vifaa inayopatikana ukibonyeza batani ya kulia ya mausi juu ya nembo ya Windows. Simu ikiwa imechomekwa, tafuta chochote chenye alama ya mshangao ya njano au kilichoandikwa MTP, ambayo ndo lugha Android inayotumia kuongea na kompyuta kuhusu faili, kifute toka kwenye orodha, chomoa simu, washa kompyuta upya, chomeka tena. Windows itaweka draiva upya yenyewe. Mara nyingi inatosha.

Kuna kisa kimoja ambacho kinasumbua watu wiki nzima. Kuna matoleo ya Windows yenye herufi N mwishoni, mfano Windows 10 Pro N, haya yanakuja bila vifaa vya muziki na video, na ile MTP imo kwenye hivyo vifaa vilivyotolewa. Utabadilisha waya kumi bure. Angalia toleo lako kwenye Settings, System, About, ukikuta hiyo N nenda kwenye vipengele vya hiari vya Windows uongeze Media Feature Pack, ni bure, halafu washa upya.

Mac haijui MTP kabisa toka kiwandani, kwahiyo ukichomeka Android na hakuna kinachotokea, hakuna kilichoharibika. Unahitaji programu ya kati. Ile ya zamani ya Google iliyokuwa inatumika kwa kazi hii imeshaachwa, siku hizi wengi tunatumia OpenMTP ambayo ni ya bure. Linux kwa kawaida inaiona simu yenyewe kwenye meneja wa faili, ikigoma funga programu nyingine zote zilizoishika simu, chomoa, chomeka tena skrini ikiwa wazi.

Hatua ya 3: njiani, kukopi kunakatika

Hapa inabidi uijue hiyo MTP kidogo ili usiichukie bila sababu. Simu ikiwa kwenye MTP sio kama flashi, kompyuta haiiingii diski ya simu moja kwa moja, inaiomba simu faili moja moja na simu ndo inaandika. Kwa kawaida inafanya kazi moja kwa wakati. Ndo maana ukianza kukopi nyimbo elfu tatu halafu hapo hapo ukafungua folda nyingine ya simu kuchungulia, kila kitu kinaganda. Na ikikatika katikati haijui kuendelea ilipoishia, unaanza kuhesabu mwenyewe nini kimefika na nini bado.

Dawa yake ni kuipelekea kidogo kidogo. Kopi albamu tano au kumi kwa mara moja, acha simu wazi juu ya meza, usiishike, usiichungulie. Weka skrini isizime kwa dakika kadhaa. Ukiona ile ya mwisho imeganda zaidi ya dakika tano usisubiri muujiza, chomoa, na kabla ya kuanza tena futa ule wimbo wa mwisho uliokatika maana utakuwa umefika nusu na baadae utakuja kukukatikia katikati ya kiitikio na wewe utalaumu playa.

Kama una mzigo mkubwa na hauogopi kuandika amri, kuna njia ya adb, yaani programu ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta, ambayo kwa maoni yangu ni bora kuliko MTP kwa mbali sana. Unawasha utatuzi wa USB kwenye ile menyu ya wasanidi, unapakua vifaa vya Google vinavyoitwa platform-tools, unafungua dirisha la amri kwenye folda hiyo na kuandika

adb push Muziki /sdcard/Music

hapo Muziki ni folda yako ya kwenye kompyuta. Simu itauliza kama unaiamini kompyuta, kubali. Inaenda kasi, haigandi ovyo na mwishoni inakuambia faili ngapi zimefika. Ukimaliza zima huo utatuzi wa USB, usiuache wazi.

Kama jaribio.mp3 ilipita vizuri lakini nyimbo fulani tu ndo zinakataa, angalia majina yao. Memori kadi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ni mifumo ya kupanga faili kwenye kadi, na hizi hazikubali jina la faili lenye alama ya kuuliza, nukta mbili, nyota, mkato wa wima, alama za nukuu wala mikwaju. Windows yenyewe inakukataza kuandika majina ya hivyo, kwahiyo hili linawapata zaidi wenye Mac na Linux ambako wimbo wenye alama ya kuuliza kwenye jina unakaa bila neno, ukifika kwenye kadi unagonga ukuta. Badilisha jina la faili tu, jina linaloonekana kwenye playa linatoka kwenye maelezo ya ndani ya wimbo, halitabadilika.

Nafasi nayo. Watu wanahesabu nyimbo badala ya kuhesabu ukubwa. Wimbo wa dakika 4 kwa MP3 ya 128 kbps ni kama MB 4, kwa 320 kbps ni karibu MB 10, na FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, inaweza kufika MB 25 au 30 kirahisi. Kwahiyo nyimbo 1,000 zinaweza kuwa GB 4 au zinaweza kuwa GB 30 kutegemea ulizipataje. Programu nyingi za kusinki nafasi ikiisha zinasimama kimya kimya na kuonyesha kama zimemaliza.

Na memori kadi feki. Kuna kadi zimeandikwa GB 128 juu lakini ndani ni ndogo sana, zinakubali kuandikwa mpaka zijae halafu zinaendelea kujifanya zinapokea huku zinaandika juu ya zile za mwanzo. Dalili yake ni nyimbo zinaonekana zote ila nyingine hazipigi au zinapiga kelele tu. Toa kila kitu kwenye kadi kisha ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Ikionekana feki usihangaike kuifomati.

Hatua ya 4: ndani, wimbo umefika ila playa haiuoni

Hii ndo naipenda maana watu wanakuwa wameshakata tamaa wakati kazi imeisha kwa asilimia kubwa. Playa nyingi za Android hazipekui folda kila ukizifungua, zinasoma daftari moja la simu ambalo limeandikwa nyimbo zote zilizopo. Faili ikiingia bila daftari kuandikwa upya, iko ila haipo. Jaribu kwa mpangilio huu: kwanza tafuta ndani ya playa kitufe cha kupekua upya, kisha zima simu uwashe, kisha fungua meneja wa faili ubonyeze jaribio.mp3 moja kwa moja. Ikipiga kutoka kwenye meneja wa faili basi wimbo ni mzima, ni daftari tu.

Kama daftari limekataa kabisa, nenda kwenye Mipangilio, Programu, onyesha na programu za mfumo, tafuta Media Storage au Hifadhi ya Maudhui, futa data yake, washa simu upya uiache dakika kadhaa ijiandike tena. Hii haifuti nyimbo zako lakini inaweza kufuta pleilisti zilizotengenezwa ndani ya simu, na kwenye baadhi ya simu mpya kitufe hicho kimezimwa. Kwahiyo iwe ya mwisho.

Kabla ya hapo angalia kama folda haina faili inaitwa .nomedia. Hii ni faili tupu ambayo kazi yake ni kuiambia simu isiandikishe chochote kilichomo humo, na inaingia kwa bahati mbaya ukikopi folda kutoka kwenye programu nyingine au kutoka kwenye simu ya zamani. Washa kuonyesha faili zilizofichwa kwenye meneja wa faili, ukiiona ifute, washa simu upya. Wakati mwingine shida yote ni hiyo.

Aina ya faili nayo ina mambo yake. MP3 na M4A zinapiga karibu kila mahali. FLAC Android inaipiga, maktaba ya muziki ya iPhone haiikubali. WMA, ile ya Windows ya zamani, simu nyingi zinaikataa mpaka uweke playa kama VLC. Na nyimbo ulizopakua ndani ya Spotify au YouTube Music kwa ajili ya kusikiliza bila intaneti, hizo usihangaike kuzikopi, zimefungwa kwa ufunguo wa programu yenyewe na hazipigi nje yake.

Halafu kuna malalamiko mengine yanayofanana na kukosekana kwa nyimbo kumbe ni mpangilio: albamu moja imevunjika vipande nane, au nyimbo zote ziko chini ya msanii asiyejulikana. Playa inasoma maelezo yaliyomo ndani ya faili. Albamu inavunjika pale kila wimbo una msanii aliyeshirikishwa tofauti na sehemu ya msanii wa albamu iko wazi. Fungua Mp3tag, programu ya kuhariri hayo maelezo, kwenye kompyuta, chagua nyimbo zote za albamu, jaza msanii wa albamu jina moja kwa zote, hifadhi, zikopi upya. Irekebishe kwenye kompyuta na sio kwenye simu, maana ukiirekebisha kwenye simu, kusinki kunakofuata kutairudisha ilivyokuwa.

Pleilisti nazo zinafika zikiwa tupu. Pleilisti ya M3U ni maandishi tu, ifungue kwa Notepad utaona mistari kama C:\Users\jina\Music\wimbo.mp3, sasa simu itaijulia wapi hiyo C? Inabidi njia ziwe zinaanzia pale pleilisti ilipo, na mikwaju iwe ya kuegemea mbele. Kama pleilisti iko ndani ya folda ya Music, mstari ubaki Msanii/Albamu/wimbo.mp3 basi. Bonyeza Ctrl na H, badilisha C:\Users\jina\Music\ kuwa hakuna kitu, kisha badilisha kila \ kuwa /, hifadhi kwa UTF-8 na mwisho wa jina uwe .m3u8 ili majina yenye herufi za ajabu yasiharibike. MusicBee, programu ya muziki ya Windows, ina sehemu ya kukufanyia haya yote wakati inasinki, ila mimi naona ukifanya kwa mkono mara moja ndo utaelewa.

iPhone na mambo yake

Kwenye iPhone mlango ni swali la kuamini kompyuta. Ukichomeka, simu inauliza Trust This Computer, ukibonyeza hapana kwa bahati mbaya chomoa uchomeke tena, itauliza upya. Swali lisipotokea kabisa nenda Settings, General, Transfer or Reset, Reset, kisha Reset Location & Privacy, chomeka upya, kubali, weka namba ya siri. Fahamu tu kwamba apu zako zitaanza kukuuliza tena ruhusa za mahali ulipo na nyinginezo.

Kwenye Mac toka Catalina ya 2019 iTunes haipo, simu unaikuta pembeni ndani ya Finder na nyimbo ziko kwenye programu ya Music. Kwenye Windows ndo kuna mkanganyiko: ukishaweka programu ya Apple Music, iTunes inaacha kushughulika na muziki na kubaki na podikasti na vitabu vya sauti, kwahiyo mtu anafungua iTunes anaona nyimbo zimeyeyuka. Hazijaenda popote. Ukifuata njia mpya weka na Apple Devices, hiyo ndo ya kusinki simu. Ukiwa bado kwenye iTunes na simu haionekani, fungua orodha ya huduma za Windows, tafuta Apple Mobile Device Service, isimamishe uianzishe tena huku simu imechomolewa.

Sasa kama simu inaonekana lakini sehemu ya kusinki muziki haipo au imeandikwa kwamba Sync Library imewashwa, maana yake simu inachukua nyimbo kutoka mtandaoni na njia ya waya imefungwa. Chagua moja. Ukitaka waya, nenda kwenye setingi za Music kwenye simu uzime Sync Library, ila ujue nyimbo ulizopakua za Apple Music zitaondoka kwenye simu.

Na ule ujumbe unaosema simu inasinki na maktaba nyingine na kukuuliza kama ufute, SOMA kabla ya kubonyeza. Muziki wa iPhone unasinki na maktaba ya kompyuta moja kwa wakati, ukikubali kwenye kompyuta ya rafiki, nyimbo ulizoziingiza nyumbani zinaondoka na za rafiki zinaingia. Kama huna zile za nyumbani popote pengine bonyeza hapana. Ukitaka tu kuingiza nyimbo bila ugomvi huu wote weka VLC kwenye iPhone, washa kushiriki kwa wai-fai, itakupa anwani ya kuandika kwenye brauza ya kompyuta, unaburuta nyimbo pale zinaingia, hata FLAC inapiga.

Hatua ya 5: kusinki kwa wai-fai

Usifike hapa kama waya haujafanya kazi, la sivyo utakuwa unatafuta makosa mawili kwa pamoja.

Vifaa viwili vinatakiwa viwe kwenye mtandao mmoja kweli kweli. Mtandao wa wageni wa ruta mara nyingi umewekwa ili vifaa visionane, vyote vina intaneti ila ni kama viko nyumba tofauti. Njia ya haraka ya kujua ni kuwasha hotspoti ya kompyuta, simu ijiunge hapo, ujaribu tena. Ikikubali, mchawi ni ruta. VPN zima pande zote mbili. Kwenye Windows angalia huo mtandao umewekwa kama wa binafsi na sio wa umma, maana ukiwa wa umma ukuta wa moto unaficha kompyuta.

Upande wa Android adui mkubwa ni uokoaji wa betri. Unaanza kusinki, unaweka simu mfukoni, skrini inazima, mfumo unaiua programu, ukirudi unakuta imekwama kwenye asilimia ile ile. Nenda kwenye setingi za betri za hiyo programu uiruhusu itumie bila kikomo. Kama inaandika kwenye memori kadi hakikisha umeipa ruhusa ya ile folda, maana kuanzia Android 11 mfumo umekuwa mkali sana kwenye hilo na programu inaweza kuona folda ila isiweze kuandika.

Mimi natumia Syncthing, programu ya kusinki folda, kwenye simu naiweka kama Syncthing-Fork. Folda ya kompyuta naiweka kutuma tu na ya simu kupokea tu. Baada ya kile kisa cha kadi tupu, pande mbili sizitaki tena kwa muziki. Na kwenye kompyuta nikawasha kuhifadhi matoleo ya zamani ya faili kwa siku nitakayobadilisha mawazo.

Inasinki ila inakopi zote upya kila siku

Hii inachosha kuliko zote. Programu inalinganisha tarehe ya faili, sasa MTP mara nyingi haihifadhi tarehe ya awali, inaweka ile ya siku ya kukopi, na FAT32 inahesabu muda kwa kurukaruka sekunde 2, kwahiyo programu inaona kila wimbo ni tofauti na inaanza upya. Tafuta sehemu ya kulinganisha kwa ukubwa wa faili badala ya tarehe. FreeFileSync ya Windows inayo na inaongea na MTP moja kwa moja. Shida ni kwamba ukibadilisha maelezo ya wimbo bila ukubwa kubadilika haitaona, kwahiyo nyimbo ulizozihariri zisukume kwa mkono.

Kila kitu kikikaa sawa rudi kwenye jaribio.mp3. Isinki kwa programu yako mpaka ipige kwenye simu, halafu ifute kwenye kompyuta, sinki tena, uone kama simu nayo imeifuta au imeibakiza. Kisha irudishe, safari hii ifute kwenye simu, uone kompyuta inafanya nini. Ukishaona majibu yote mawili na ukayakubali, ndo ufungulie maktaba nzima.